Namna ya Kuripoti Uhalifu Usio wa Dharura kwa Polisi wa Uingereza Kupitia Mtandao: Mwongozo Kamili

Kwa mtu aliyekulia Tanzania au Kenya, kuripoti wizi ni kwenda kituoni, kusimama kaunta, kumweleza askari yaliyotokea na kuondoka na namba ya RB au ya OB mkononi. Huku Uingereza kaunta nyingi za polisi zimefungwa katika miaka ya karibuni, na taarifa nyingi za makosa yasiyo ya dharura sasa huanzia kwenye fomu ya mtandaoni. Fomu hiyo ni ya bure, hupatikana usiku na mchana, na kosa lililoripotiwa kwa njia hiyo linapaswa kuandikishwa sawa na lile lililoripotiwa kwa simu. Tofauti ni kwamba afisa anayeisoma hakuoni, hasikii sauti yako, wala hana nafasi ya kukuuliza swali papo hapo. Kwa kiasi kikubwa ataamua kwa maandishi yako peke yake kama jalada liende kwa mpelelezi au lifungwe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla ya kubofya kitufe cha kutuma.

Maelezo haya ni ya England na Wales, zenye vikosi 43 vya polisi vya maeneo. Scotland na Ireland Kaskazini zina polisi wao na tovuti zao, ingawa namba 999 na 101 hutumika huko pia.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba si dharura

Fomu ya mtandaoni haisomwi dakika ileile unapoituma. Kama kosa linaendelea kutendeka, kama kuna mtu yuko hatarini, kama mhalifu bado yuko karibu, au kama nguvu zimetumika au mtu ametishiwa kufanyiwa ukatili, piga 999 na uachane na fomu. Mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa, naye hana hakika kama wezi wameshaondoka, asiingie ndani. Asogee mbali na apige 999 akiwa nje. Asiyeweza kuzungumza kwa sababu anayemdhuru yuko chumba hichohicho anaweza kupiga 999 kwa simu ya mkononi, kisha kubonyeza 55 anapoambiwa afanye hivyo, na simu yake itapelekwa kwa polisi bila yeye kutamka neno. Namba hiyo ya 55 haiwaonyeshi polisi mahali ulipo. Hufikisha tu simu yako kwao, nao watajaribu kukuuliza maswali unayoweza kuyajibu kwa kubonyeza au kukohoa.

Kama hakuna dharura lakini hutaki kujaza fomu, piga 101, ambayo imekuwa bure tangu Aprili 2020. Wakati mwingine utasubiri kwa muda mrefu kabla ya kupokelewa, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wakimbilie mtandaoni. Kwa gari lililoibiwa ningeshauri simu hata kama kikosi chako kina fomu, kwa kuwa namba ya gari inapowahi kuingizwa kwenye kumbukumbu za polisi, kamera za barabarani zinazosoma namba huanza kulitafuta mapema. Nyumba iliyovunjwa nayo ni afadhali iripotiwe kwa simu, maana tangu 2022 wakuu wa vikosi vyote vya England na Wales waliahidi kwamba afisa atafika kwenye kila nyumba ya makazi iliyovunjwa, na wakati unamsubiri hupaswi kufuta wala kupanga kitu.

Hatua ya pili: tafuta mlango ulio sahihi

Makosa mengi ya kawaida, kama vile wizi wa baiskeli, simu au pochi, uharibifu wa mali, wizi wa vitu ndani ya gari, vitisho vya maneno na matusi ya kibaguzi, huripotiwa kwa kikosi cha mahali kosa lilipotokea, si cha mahali unapoishi. Ukiibiwa Birmingham nawe unakaa Leicester, kikosi chenye kazi hiyo ni cha West Midlands. Ingia police.uk, andika msimbo wa posta wa mahali pa tukio, na tovuti itakuonyesha kikosi kinachohusika. Anwani rasmi za vikosi vya polisi huishia kwa police.uk, ukurasa unaodai ada, au unaoomba namba ya kadi yako ya benki ili "kufungua jalada", ni wa matapeli, kwa kuwa kuripoti kosa hakulipiwi chochote.

Kosa lililotokea ndani ya treni, kwenye stesheni au kwenye treni za chini ya ardhi za London ni la British Transport Police, wenye fomu yao wenyewe na namba 61016 ya kuwatumia ujumbe mfupi. Basi si lao, na hapa ndipo wengi hukosea: aliyeibiwa ndani ya basi huripoti kwa kikosi cha eneo.

Utapeli una mlango wake wa pekee, kwa sababu kazi ya kupokea taarifa zake kutoka England, Wales na Ireland Kaskazini imekabidhiwa Polisi wa City of London, kwa huduma ya kitaifa iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Action Fraud na sasa huitwa Report Fraud. Unaweza kuripoti mtandaoni au kwa simu 0300 123 2040. Hata hivyo, mtu wa kwanza kuambiwa ni benki yako. Benki nyingi za Uingereza hupatikana kwa kupiga 159, nayo ni njia salama kwa kuwa unapiga wewe, hupigiwi. Kwa malipo yaliyofanywa kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024, benki zinalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe, hadi kiwango cha juu cha pauni 85,000, mradi adai ndani ya miezi 13 tangu malipo ya mwisho na asiwe amefanya uzembe mkubwa. Benki inaruhusiwa kukata hadi pauni 100 katika marejesho. Lakini kanuni hiyo inahusu fedha zilizokwenda kutoka akaunti ya Uingereza hadi akaunti nyingine ya Uingereza. Fedha ulizomtumia dalali wa kiwanja Kigamboni au Kitengela kwa kampuni ya kutuma pesa, naye akazima simu, hazimo, na polisi wa huku hawana mkono mrefu wa kufika huko. Kesi hiyo itakubidi uifungulie pia nyumbani, wewe mwenyewe au kupitia ndugu uliyempa mamlaka ya maandishi. Ujumbe mfupi wa kitapeli usioujibu hauhitaji jalada. Upeleke kwenda 7726, na barua pepe ya namna hiyo kwenda report@phishing.gov.uk.

Kuna mambo ambayo si ya polisi kabisa. Kelele za jirani usiku, takataka zilizomwagwa barabarani na gari lililotelekezwa kwa kawaida ni kazi ya halmashauri ya mtaa. Kitu kilichopotea, kwa maana ya kwamba umekisahau mahali na hakuna aliyekuibia, vikosi vingi havikiandikishi tena. Usiandike kwamba kimeibiwa ili tu upate namba, kwa sababu kutoa taarifa ya uongo na kupoteza muda wa polisi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1967, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miezi 6. Pasipoti ya Uingereza iliyopotea hufutwa kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK. Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au ya nchi nyingine, uliza ubalozi wako kabla ya yote ni uthibitisho gani wanaoutaka, kisha uwaeleze polisi ukweli kama ilivyo.

Ajali za barabarani nazo zina mtego. Dereva aliyehusika katika ajali iliyomjeruhi mtu au kuharibu mali, naye hakubadilishana majina na anwani na wahusika hapohapo, sheria ya mwaka 1988 inamtaka aripoti kwa afisa wa polisi au kituoni mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Wajibu huo hutimizwa kwa kwenda mwenyewe, kwa hiyo fomu ya mtandaoni haikuondolei. Kwa upande mwingine, video ya kamera ya gari lako inayoonyesha dereva mwingine akiendesha kwa hatari inapokelewa mtandaoni, ila itume siku hiyo au kesho yake, kwa kuwa kwa kawaida mwenye gari la dereva huyo anapaswa kupelekewa ilani ya kwamba huenda akashtakiwa ndani ya siku 14, na kabla ya hapo polisi wanahitaji muda wa kuitazama.

Asiyetaka kujulikana anaweza kutoa habari kwa Crimestoppers, kwa fomu au kwa 0800 555 111. Hao ni shirika la hisani lisilo chini ya polisi, nao hawakuulizi jina. Kwa kuwa hujulikani, hupati namba ya kumbukumbu ya kosa, hivyo njia hiyo inamfaa shahidi anayejua jambo, wala haimfai mwenye mali anayetaka kudai bima.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi kabla haujafutika

Kamera za usalama ndizo zinazopotea upesi kuliko vyote. Mitambo mingi hufuta picha zake yenyewe, mingine baada ya mwezi, mingine baada ya siku chache tu, na afisa anaweza kulifikia jalada lako wakati picha zimeshaondoka. Kwa hiyo, siku hiyohiyo, rudi mahali pa tukio, tazama juu, na uandike kila kamera inayoelekea pale: ya duka, ya jirani, ya kengele ya mlangoni, ya halmashauri kwenye nguzo. Ingia dukani, muone meneja, muombe kwa heshima azihifadhi picha za saa fulani hadi saa fulani kwa ajili ya polisi, na uandike jina lake na siku ambazo mtambo wao huhifadhi. Hana wajibu wa kukuonyesha, na wengi watakataa kwa sababu ya sheria ya kulinda taarifa binafsi. Hilo lisikuudhi, kwa sababu shabaha yako ni kuzuia zisifutwe. Picha zinazokuonyesha wewe mwenyewe una haki ya kuziomba kwa maandishi, nao wana mwezi mmoja wa kukujibu, ingawa sura za watu wengine huenda zikafichwa.

Kwa simu, tafuta IMEI, yaani namba ya pekee inayoitambulisha simu hiyo. Ukiwa bado na simu utaiona kwa kubonyeza *#06#. Ikiwa imeshaibiwa, iko kwenye boksi, kwenye risiti, au kwenye akaunti yako ya Google au Apple. Waambie kampuni ya simu wafunge laini na simu yenyewe, na benki wafunge programu zao, kabla hujakaa kuandika fomu. Simu ikionekana kwenye ramani, piga picha ya skrini ikiwa na saa, wala usiende kugonga mlango wa mtu. Kwa baiskeli tafuta namba ya fremu. Kwa kompyuta, namba ya utambulisho iliyowekwa na mtengenezaji (serial number). Risiti, picha za zamani ulizopiga ukiwa na kitu hicho, na hata muamala wa benki wa siku ulipokinunua, vyote vinathibitisha kwamba mali ni yako. Jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwani polisi wanapokamata shehena ya baiskeli au simu za wizi, isiyo na namba iliyoandikishwa haina njia ya kumrudia mwenyewe.

Vitisho na matusi yaliyotumwa kwenye WhatsApp au Facebook usiyafute wala usimfungie mtumaji kabla ya kuyapiga picha za skrini zinazoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Ukifuta ujumbe kwa hasira, unafuta ushahidi.

Hatua ya nne: andika maelezo yako pembeni

Ukurasa wa fomu unaweza kuisha muda ukapoteza ulichokwisha kuandika, kwa hiyo andika kwanza kwenye daftari la simu au kwenye barua pepe usiyoituma, kisha unakili. Andika kwa mfuatano wa saa, tangu ulipoiacha mali salama hadi ulipogundua haipo. Taarifa nyingi huandikwa hivi: "Baiskeli yangu imeibiwa jana mjini, naomba msaada." Afisa akiisoma hana pa kuanzia, hata angetaka. Linganisha na hii:

"Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa 08:10, nilifunga baiskeli yangu kwa kufuli la umbo la U kwenye nguzo iliyo upande wa kushoto wa lango kuu la maktaba. Mfanyakazi mwenzangu aliiona ipo saa 13:00. Nilirudi saa 17:35 nikakuta kufuli limekatwa na kuachwa chini. Nimelitia kwenye mfuko bila kulipangusa. Baiskeli ni ya kijani iliyokolea, ina kikapu cheusi cha waya mbele na mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye fremu chini ya kiti. Namba ya fremu inaonekana kwenye picha ya risiti niliyoambatisha. Niliinunua Machi 2024 kwa pauni 380. Kamera ya duka la dawa lililo mkabala inaelekea kwenye nguzo hiyo. Meneja amesema picha hufutwa baada ya siku 14 na kwamba atawapa polisi wakiziomba. Sikumwona aliyeiba wala simshuku mtu."

Angalia kazi iliyofanywa na yule mfanyakazi mwenza. Bila yeye, muda wa kutazamwa kwenye kamera ungekuwa zaidi ya saa tisa, na ni nadra kupata afisa wa kukaa mbele ya skrini saa tisa kwa sababu ya baiskeli. Kwa sentensi moja muda umepungua hadi saa nne na nusu. Kila unapoweza kuupunguza muda, kwa risiti ya kahawa, kwa ujumbe uliotuma, kwa mtu aliyepita, upunguze.

Saa zenyewe zina hatari yake kwa sisi tunaohesabu kuanzia alfajiri. Anayefikiri kwa Kiswahili akaandika "2:10" kwa maana ya saa mbili na dakika kumi asubuhi atakuwa amewaelekeza polisi kwenye picha za usiku wa manane. Andika kwa saa 24: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, na ukimtafsiria mzazi au jirani, muulize mara mbili ni saa za mpangilio upi.

Eleza ulichokiona, na ukitenge na unachokihisi. Ukiandika kwamba mwizi alikuwa kijana mrefu mwenye koti la bluu lenye mstari mweupe mkononi, hayo ni maelezo. Ukiandika kwamba lazima ni wale vijana wa ghorofa ya tatu, hiyo ni dhana, na kama unayo sababu ya kuwashuku, itaje sababu yenyewe. Kwa matusi ya kibaguzi andika maneno kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, hata kama yanakutia aibu kuyaandika. Ukiandika tu kwamba "alinitukana sana", unamnyima mwendesha mashtaka kitu anachokihitaji, kwa kuwa uadui wa rangi au wa dini ukithibitishwa huongeza uzito wa adhabu.

Hatua ya tano: jaza fomu

Fomu za vikosi vingi zinafanana. Zitaanza kwa kukuuliza kama kuna hatari, kisha aina ya kosa, mahali kwenye ramani, siku na saa, mali iliyoguswa, mashahidi, kamera, na mwisho taarifa zako binafsi. Usipojua saa kamili kuna nafasi ya kuandika kati ya saa fulani na fulani, itumie, usibuni. Ramani isogeze hadi alama ikae mahali penyewe, maana jina la barabara ndefu halimwambii afisa ni kamera ipi. Kwenye swali la kama kosa lilitokana na chuki ya rangi, dini, ulemavu au jinsi ulivyo, jibu kwa namna wewe ulivyoliona; katika hatua ya kuandikisha, mtazamo wa aliyetendewa unatosha, na huhitaji kuuthibitisha. Unaweza kumripotia mtu mwingine, mathalani mama mzee asiyejua mtandao, lakini sema wazi kwamba unamwandikia na kwamba ameridhia.

Lugha isikuzuie. Mwongozo wa haki za waathirika wa England na Wales, unaotumika kwa sura yake ya sasa tangu Aprili 2021, unaanza na haki ya kuelewa na kueleweka, na ndani yake mna mkalimani wa bure unapohojiwa. Fomu yenyewe iandike kwa Kiingereza, hata cha kuungaunga au cha programu ya kutafsiri, kisha ongeza sentensi moja kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ukizungumza Kibajuni, Chimwini au Kingwana cha Kongo, taja hivyo hasa. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam anaweza kukosa neno la mzee wa Kismayu au wa Bukavu, na neno lililokosewa kwenye maelezo ya polisi ni kazi kubwa kulirekebisha baadaye. Usimfanye mtoto wako mkalimani.

Watu wawili wasite kidogo kabla ya kubofya. Wa kwanza ni anayeishi na mtu anayemdhuru, kwa kuwa barua pepe ya uthibitisho itaingia kwenye kisanduku ambacho huenda mwenzake anakifungua, na historia ya kivinjari itaonyesha ukurasa wa polisi. Atumie simu ya mtu anayemwamini, au apige 0808 2000 247, namba ya bure ya kitaifa kwa wanawake wanaonyanyaswa nyumbani, iliyo wazi saa zote. Wa pili ni asiye na kibali halali cha ukaaji. Polisi wanatakiwa kumtendea kwanza kama mwathirika, lakini wanaweza kuipa Wizara ya Mambo ya Ndani taarifa zake. Huyo aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji au shirika linalosaidia wahamiaji, kisha aamue namna ya kuripoti. Hatari ya maisha ni jambo jingine: hapo ni 999, awe na kibali au asiwe nacho.

Hatua ya sita: baada ya kutuma

Utapata barua pepe yenye namba. Tazama vizuri ni namba ya nini, kwa sababu ya kwanza huwa ni ya kupokelewa kwa fomu tu, na nyingine, namba ya kumbukumbu ya kosa, hutolewa kosa likishaandikishwa rasmi. Hiyo ya pili ndiyo kampuni ya bima inayoitaka, nayo ndiyo inayofanana na RB au OB ya nyumbani. Una haki ya kupewa uthibitisho wa maandishi wa taarifa uliyoitoa, na kama Kiingereza hukielewi, una haki ya kuomba uthibitisho huo utafsiriwe. Kagua pia kisanduku cha barua taka, maana barua za polisi hupotelea humo mara nyingi.

Iarifu kampuni ya bima mara moja bila kungoja matokeo ya polisi, kwani mikataba mingi huweka muda wa kutoa taarifa. Uliyoyaeleza polisi na uliyoyaeleza bima yawe mamoja. Ukikumbuka baadaye kwamba saa ilikuwa nyingine au kwamba pochi ilikuwa na kitu kingine, sahihisha pande zote mbili.

Ukipata jambo jipya, kama vile baiskeli yako kuonekana inauzwa mtandaoni, usifungue taarifa mpya. Tovuti nyingi za polisi zina sehemu ya kuongeza habari kwenye taarifa iliyopo kwa kutumia namba yako. Hifadhi kiungo cha tangazo, picha zake za skrini na jina la muuzaji, kisha uwaachie polisi. Kujifanya mnunuzi na kupanga kukutana na mwizi kumewaingiza watu kwenye majeraha, na wakati mwingine kwenye mashtaka yao wenyewe.

Polisi wakikupigia simu, muulize afisa jina lake, namba yake na namba ya jalada. Matapeli hupenda kujifanya polisi, na afisa wa kweli hatakuomba namba ya siri ya benki wala kukutaka uhamishe fedha "mahali salama". Ukitia shaka, kata simu, subiri kidogo, kisha piga 101 uulize kama afisa huyo yupo.

Hatua ya saba: jalada likifungwa

Makosa mengi ya mali hufungwa mapema, na ni vema kulijua hilo kabla ya kuanza. Barua itasema kwamba hakuna njia ya uchunguzi kwa sasa na kwamba jalada litafunguliwa tena kukipatikana habari mpya. Una haki ya kuelezwa sababu. Isome barua ukiwa na nakala ya maelezo yako mkononi: kama wamesema hakuna kamera, nawe uliitaja kamera ya duka la dawa, wajibu kwa maandishi siku hiyohiyo, ukinukuu sentensi yako na tarehe ambayo picha zitafutwa. Jibu la namna hiyo, fupi na lenye jambo mahususi, lina nafasi ya kulirudisha jalada mezani kuliko barua ndefu ya kulalamikia polisi wa siku hizi.

Kama mtuhumiwa alijulikana na akahojiwa chini ya onyo, yaani baada ya kuambiwa kwamba maneno yake yanaweza kutumika kama ushahidi, kisha ikaamuliwa asishtakiwe, kuna utaratibu rasmi wa mwathirika kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Utaratibu huo haupo pale ambapo hakupatikana mtuhumiwa. Malalamiko kuhusu jinsi ulivyohudumiwa huanza kwa kikosi chenyewe, kwa fomu iliyo kwenye tovuti yake au kupitia IOPC, chombo huru kinachosimamia mwenendo wa polisi, ambacho malalamiko mengi hukirudishia kikosi kiyashughulikie kwanza.

Aliyejeruhiwa mwilini au akilini kwa kosa la ukatili anaweza kuomba fidia ya serikali, na kwa kawaida maombi hayo yanatakiwa ndani ya miaka miwili tangu tukio. Yanahitaji namba ya kumbukumbu ya kosa, na yanahitaji kwamba polisi waliarifiwa mapema kadiri ilivyowezekana. Maombi ni ya bure na hufanywa mtandaoni, bila wakala wa kuchukua asilimia. Ukihama au kubadili namba ya simu wakati jalada lingali wazi, waarifu polisi kwa kutumia namba hiyohiyo.